Mtungi Uliopakwa Rangi ya Mlango

“Mtungi usiotoa jasho haupozi maji.” Mlinisikia jana nikimwambia mjomba wenu Shekue maneno hayo pale msibani, mkatazamana. Alikuwa ametoka kumzika mkewe, na badala ya kukaa na watu akawa anazunguka na masinia, anauliza nani hajala, anaagiza mikeka iongezwe, macho makavu kabisa. Wapo waliomsifu wakasema huyo ndiye mwanamume. Mimi ni mama yake, sikumsifu. Nilimshika mkono nikamkalisha, nikamwambia hivyo mlivyosikia. Sasa mnataka kujua nimeyatoa wapi maneno yale, maana katika vitabu vyenu vya shule hamjayakuta. Hamtayakuta. Nilikuja nayo kutoka Moroko, enzi zile babu yenu alipokwenda kusoma nami nikamfuata, na aliyenipa ni jirani yetu Izza, tukiwa jikoni kwake ananifundisha kupika kuskusi. Methali hii ilianza hivi.

Izza alizaliwa katika mji mdogo wa wafinyanzi, kusini ya nchi ile, ng’ambo ya milima ya Atlasi, karibu na jangwa. Ninyi hapa Tanga mkilowa mashati mnasema mnakufa kwa joto. Joto letu lina majimaji ya bahari ndani yake. La kule ni kavu. Unaanika nguo, ukifika mwisho wa kamba ile ya kwanza imeshakauka. Na ukivuma ule upepo wa jangwani wanaouita sharki, hata kuku hawatoki kivulini. Katika joto la namna hiyo, mwenye heshima kuliko wote nyumbani ni mtungi wa maji.

Mtungi wa maji haupakwi kitu. Sahani na bakuli hupakwa dawa ya kung’arisha kisha zikachomwa, lakini mtungi huachwa udongo mtupu, ili maji yapenye kidogo kidogo yatokee nje. Upepo unakausha ule unyevu, na maji yaliyobaki ndani yanapoa. Kwa hiyo mtungi wa kule unalowa mchana kutwa, na chini yake hapakosi kidimbwi.

Bujmaa, baba yake Izza, alikuwa mfinyanzi hodari. Mkewe, Tuda, ndiye aliyekuwa akiilainisha mitungi kwa kijiwe cha mtoni kabla haijaingia jokoni kuchomwa. Mume anafinyanga, mke analainisha, na hapo katikati utani mwingi na kugombana kidogo, kama nyumba yoyote yenye uhai. Mtungi wa uani kwao waliutengeneza pamoja namna hiyo. Basi kipupwe kimoja Tuda akashikwa na homa, na haikumwacha. Nyumbani wakabaki watatu: Bujmaa, Izza aliyekuwa binti wa miaka kumi na sita, na bibi yake Yamna, mama mzazi wa Bujmaa.

Bujmaa hakulia. Alichimba kaburi pamoja na wanaume wenzake, akawashukuru waliokuja, akarudi nyumbani. Akamkuta Izza amejikunyata jikoni analia. Akamwambia, “Basi, binti yangu. Sitaki kuona kitu kinachotiririka katika nyumba hii.” Hakusema kwa ukali, lakini alimaanisha. Nguo za marehemu akazifungia kwenye kasha, na tangu siku hiyo jina la Tuda halikutajwa.

Msiwe wepesi kumlaumu. Mtu aliyebeba mzigo mzito peke yake huogopa hata kuguswa, asije akauangusha.

Kiangazi kikaingia, na jiko likawa la Izza. Alikanda mkate jua likiwa bado halijapata nguvu, akaupeleka kwenye tanuri la mtaa. Mchana aliteleka tajini ya mboga, ule mchuzi wao wa kwenye chungu cha udongo chenye kifuniko kirefu. Ijumaa alipika kuskusi, zile punje ndogo ndogo za ngano, na kuskusi si kama wali wenu wa kufunika ukaenda kupiga soga. Unaiivisha kwa mvuke, unaiteremsha, unaichambua kwa vidole ingali inaunguza, unairudisha tena juu ya mvuke, mara ya pili na ya tatu, na jiko lenyewe linachemka. Baba yake alikuja, akala, akasema Alhamdulillahi, akarudi kwenye gurudumu lake la kufinyangia. Hakusema chumvi imezidi wala imepungua. Siku moja Izza alichukua kile kijiwe cha mama yake ili alainishe mitungi. Bujmaa akakitoa mkononi mwake taratibu, akakitia mfukoni, akamwambia aangalie jiko.

Mtoto akapata tafsiri yake mwenyewe. Akaamini kwamba baba yake hakumpenda mama yake, na kwamba yeye naye ni mzigo tu uliosahaulika pale nyumbani. Hilo ndilo lililomuuma kuliko hata msiba.

Mama yake mkubwa, Fadma, dada yake marehemu, akaleta salamu kutoka mji wa pwani alikoolewa. Atakuja Ijumaa, na Izza akipenda ataondoka naye moja kwa moja, akaishi kwake. Yamna alipomfikishia Bujmaa habari hizo, alijibu, “Akitaka kwenda, aende.” Izza aliyasikia kutoka jikoni. Akafunga nguo zake.

Lakini alikuwa mtoto mwema, akataka kuiacha nyumba ikiwa safi. Alifagia, akapaka chokaa ukuta wa uani, na milango akaipaka rangi ya mafuta ya buluu. Rangi ikabaki kidogo kwenye kopo. Akautazama mtungi. Kila siku baba yake alipopita pale aliinama na kitambaa kufuta kidimbwi, huku ananung’unika, “Maji, maji tu.” Alhamisi, baba yake alipokwenda kushinda na kulala jokoni, Izza akaumwaga mtungi, akauanika juani mpaka ukakauka, kisha akaupaka ile rangi kutoka shingoni hadi kwenye kitako, wote. Ulipokauka akaujaza maji. Kidimbwi hakikutokea tena.

Naona Saumu unataka kuniuliza: mtoto wa mfinyanzi, iweje asijue? Ngoja. Yamna naye aliupapasa ule mtungi kwa kiganja, akauona mkavu, akanyamaza. Izza hakuwahi kuniambia kwa nini bibi yake alinyamaza. Nina mawazo yangu juu ya hilo, maana na mimi ni mama.

Ijumaa ikafika na sharki ikiwa inavuma. Fadma aliingia uso umefunikwa na vumbi, yeye na Izza wakakumbatiana kwa haraka haraka kama watu wanaoogopa kushikana sana. Izza akaandaa kuskusi yenye maboga na dengu, sinia moja kati yao wote wanne. Bujmaa alikuja wa mwisho, ametoka kupanga vyombo jokoni, midomo imepasuka kwa kiu. Kabla ya kukaa akachota maji mtungini, akapiga funda moja, akalitema. Yalikuwa moto kama ya kuogea mtoto mchanga.

Akaugusa mtungi. Akautazama vizuri, na hapo ndipo alipoona walichokitengeneza yeye na mkewe kimepakwa rangi ya mlango.

“Nani kaufanya hivi?”

“Ni mimi, baba.”

“Wewe! Binti wa mfinyanzi! Mtungi usiotoa jasho haupozi maji! Mtoto gani wa mtaa huu asiyelijua hilo?”

“Nalijua, baba,” Izza alisema, akiwa ameinamisha kichwa. “Lakini wewe ulisema hutaki kuona kitu kinachotiririka katika nyumba hii. Mimi nikajizuia. Bibi naye akajizuia. Ulikuwa umebaki mtungi tu.”

Hakuna aliyenyoosha mkono kwenye sinia. Fadma alikuwa amejiziba mdomo kwa pembe ya mtandio wake. Kisha Yamna akasema, kwa sauti yake ya kila siku, “Hebu rudia ulilomwambia mtoto, mwanangu. Masikio yangu yamezeeka.”

“Nimesema mtungi...” Bujmaa alianza. “Mtungi usiotoa jasho...”

Hakufika mwisho. Aliketi palepale sakafuni, mgongo umeegemea mtungi, akasema, “Tuda.” Akalitaja tena jina hilo. Halafu akalia, mtu mzima yule, kwa kwikwi.

Izza akamwendea. “Nilidhani umemsahau,” alimwambia.

“Nimsahau vipi?” Alitoa kile kijiwe mfukoni, kilikuwa cha moto kwa joto la mwili wake. “Nilidhani nikianza kulia sitaweza kunyamaza. Na wewe ukiniona nimeanguka, utamshika nani?”

“Ningekushika wewe, baba.”

Wakalia wote wanne. Kuskusi ikapoa, na kuskusi iliyopoa, wajukuu wangu, si chakula, lakini Izza aliniapia kwamba walikuja kuila baadaye hivyo hivyo mpaka sinia likawa tupu, huku wanasimulia habari za Tuda, na safari hii baba yake akasema chumvi imezidi. Alipolisikia hilo Izza alicheka, naye hakuwa amecheka tangu kipupwe. Fadma alipoagana nao alikuwa na mkoba wake mmoja tu, ule aliokuja nao.

“Nilikuja kumchukua yatima,” alimwambia Yamna mlangoni. “Nimekuta ana baba.”

Bujmaa alifinyanga mtungi mwingine, na safari hii Izza ndiye aliyeulainisha. Maneno aliyoyasema kwa hasira yakatoka nje ya nyumba ile, kama maneno yatokavyo. Watu wa mtaa wakawa wanamwambia yeyote aliyefiwa akajikaza kupita kiasi, kisha wakawa wanawaambia hata wasiofiwa, wale wanaoficha shida zao huku nyumba nzima inaungua pamoja nao. Mimi nikayachukua nikayaleta kwetu, nikayatia katika Kiswahili.

Mtaniambia Shekue amejikaza kwa ajili ya wanawe. Najua. Lakini ninyi jana mlikuwa mnamtazama yeye na masinia yake. Mimi nilikuwa nawatazama wale watoto wawili, wamesimama kando ya mlango, wametoa macho kwa baba yao, midomo wameibana. Mama yao yuko kaburini nao hawajui kama inaruhusiwa kulia. Walikuwa wanangoja waone yeye atafanyaje.

Bado hajalia. Amekaa tu chumbani, lakini afadhali amekaa. Nendeni mkakae naye, muwachukue na wale wadogo muwaweke karibu yake. Msimpe mawaidha. Akianza, msimnyamazishe, na akiwauliza nani amewatuma, mwambieni ni mama yake, na kwamba mtungi usiotoa jasho haupozi maji.