Mwenyekiti na Ndoo ya Mchanga

Uvumi ulimfikia mama akiwa kwenye cherehani yake, pini zimejaa mdomoni. Jirani, ambaye naye ana kijana katika chuo kile kile, aliegemea mlango akasema, "Shoga, hongera kwa kuzaa mwenyekiti wa wanafunzi. Ila nasikia binti yako hana rafiki. Chuo kizima kinamjua, lakini chakula anakula peke yake."

Wazazi wengine huogopa mabinti zao kuzungukwa na watu. Mama huyu aliingiwa na hofu ya kinyume chake. Alijiambia kuwa hayo ni maneno tu, na maneno hayalipiwi kodi. Lakini uvumi ulimganda kama kupe. Siku alipojikuta ameshona mkono wa kushoto wa gauni mahali pa mkono wa kulia, alijua mambo yameharibika. Wazazi waliporuhusiwa kwenda kutazama mtihani wa vitendo, alifunga kibanda chake cha ushonaji akaenda.

Kusema kweli, binti yule alikuwa chuma. Alisomea upimaji wa ardhi, na tangu aingie chuoni hakuna aliyewahi kumpita darasani. Alipochaguliwa kuwa mwenyekiti, maktaba ilianza kufunguliwa hata Jumapili, mabomba ya bweni yakatoa maji, na timu ya mdahalo ikarudi na kombe. Tatizo ni kwamba yote hayo aliyafanya kwa mikono yake mwenyewe. Mvua iliponyesha ghafla kwenye sherehe ya kuwapokea wanafunzi wapya, wanakamati walikimbilia kumsaidia kuhamisha viti. "Acheni, mtavivunja!" aliwaambia, akavibeba peke yake hadi akalowa chapachapa kama kifaranga. Tangu siku hiyo wenzake walikunja mikono, wakamwachia kila kitu.

Mtihani ulifanyika uwanjani, nyuma ya karakana. Mtahiniwa husimama penye darubini ya kupimia, na mwenzake aliyemchagua hushika fimbo ndefu yenye namba, akiihamisha kutoka kigingi hadi kigingi. Wanafunzi wote walikuja wawili wawili kama ndala. Binti alikuja na ndoo ya mchanga. Mama alidhani anakwenda kupanda maua.

"Mwenyekiti, mshika fimbo wako yuko wapi?" mwalimu aliuliza.

"Ndiye huyu, mwalimu," alijibu binti, akaichomeka fimbo katikati ya ndoo. "Nimefanya naye mazoezi mwezi mzima. Hachelewi wala habishi."

Uwanja uliangua kicheko. Hata mwalimu alitabasamu, kisha akakaza uso. "Sawa. Lakini muda ukiisha kabla hujafunga hesabu za vigingi vyote, utarudia mwaka mzima. Hapa hakuna cha mwenyekiti."

Kigingi cha kwanza kilikwenda vizuri. Cha pili alikikimbilia na ndoo mkononi kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Alipofika cha tatu, upepo ulivuma, fimbo ikalala chini pu! Akaenda kuisimamisha. Kabla hajarudi kwenye darubini, ikaanguka tena. Jasho lilimtiririka, na vigingi vilivyobaki vilimtazama tu.

Mama alimgeukia kijana mrefu aliyesimama naye penye uzio. Wenzake walimwita Kasuku kwa wingi wa maneno yake, na ndiye aliyeshindwa na binti kwenye uchaguzi. Yeye mtihani wake alikuwa ameshaumaliza.

"Baba, mbona humsaidii mwenzako?"

"Mama yangu, tukimsogelea anatufukuza kama kuku kwenye mahindi. Lakini akiniita, hata viatu sivai."

Mama hakungoja ruhusa ya mtu. "Mwanangu!" alipaza sauti. "Ita mtu! Mdomo nilikupa wa kazi gani?"

"Mama, huu ni mtihani," mwalimu alionya.

"Samahani, mwalimu, nimeshamaliza."

Binti alitazama saa, akatazama ndoo, halafu akawatazama wenzake kwenye uzio. "Kasuku, njoo unishikie."

"Nani anaita? Leo jua limechomoza wapi? Sijasikia tafadhali!"

"Tafadhali, wewe! Nitafeli!"

Mwalimu alipoitikia kwa kichwa, Kasuku aliruka uzio peku. Akashika fimbo wima kama mlingoti. "Kushoto kidogo!" binti aliita. "Kushoto kwako au kwangu?" "Kwako, mpiga kelele!" Wakaenda hivyo, kigingi kwa kigingi, huku wenzao wakiwashangilia, hadi hesabu ikafungwa mwalimu akiwa ameshatia mdomoni filimbi ya kumaliza muda.

Matokeo yalipotoka, binti alikuwa amefaulu vizuri sana. Kwa mara ya kwanza hakuwa wa kwanza. Wa kwanza alikuwa Kasuku, na kelele zake zilisikika mpaka getini. Kikao kilichofuata, mwenyekiti aligawa kazi: mdahalo kwa huyu, maktaba kwa yule, viti kwa wote. Bado hulalamika kwamba viti havijanyooka, lakini sasa hulalamika akiwa ameshika upande mmoja tu.

Basi wewe kijana uliye masomoni, sikia haya ya mzazi:

Usifukuze mkono unaokuja kukusaidia.
Usimnunie uliyemshinda kwenye kura.
Usidhani cheo ni mzigo wa kichwa kimoja.
Usione haya kusema "tafadhali".
Usisubiri maji yakufike shingoni ndipo uite watu.

Kidole kimoja hakivunji chawa.