Makomamanga ya Somoe

Kisa kinabisha hodi, wajukuu zangu. Kifungulieni mlango. Nyinyi mnaopukuchua mahindi endeleeni; kazi ya mkono haizuii kazi ya sikio.

Hapo kale, kale ambayo hata bibi yangu aliisikia tu kwa bibi yake, palikuwa na mji ukiitwa Kikomani. Leo ukiutafuta utakuta kuta zilizolala na nyasi zilizosimama. Lakini siku zile ulikuwa mji kweli, una watu, una moshi, una ugomvi kama miji yote. Na katika mji huo alikaa mjane mmoja, Mwana Esha, na binti zake wawili. Mkubwa akiitwa Mize. Mdogo akiitwa Somoe.

Mwana Esha alikuwa na mkomamanga wake wa ujanani, mti uliokwisha kuzeeka. Kabla haujakauka akakata vijiti viwili, tawi moja, kisu kimoja, akawaita wanawe.

"Huu ndio urithi wenu," akasema. "Mize, wewe ndiye mkubwa. Chagua kwanza mahali pa kupanda."

Mize akachagua nyuma ya jiko la mama yake, kando ya kisima, udongo mweusi laini, chini ya kivuli cha mkwaju ambapo jua halichomi. Alikuwa ameachwa na mumewe, amerudi kukaa na mama, na mahali hapo palikuwa mlangoni pake. Somoe akabaki na kwake alikoolewa, ng'ambo ya bonde, mtelemko wa mawe, jua kutwa. Mize akamwonea huruma mdogo wake. Na huruma ile, wajukuu zangu, ilikuwa tamu kinywani mwake.

Miti ikakua. Mize akimwagilia wake asubuhi, akimwagilia jioni. Hakuukata tawi, hakuuangusha ua. Ukawa mti mnene, mweusi kwa majani, hata kuku wakijificha ndani huwaoni. Wa Somoe ulipata maji ya kijifereji alichochimba mumewe, na upepo, na jua lile.

Ikaja siku ya kuzaa. Makomamanga ya Mize yakawa mengi, tena mengi mno, lakini madogo, rangi ya majani makavu. Ukilipasua, punje nyeupe. Ukitafuna, maji na uchachu. Ya Somoe yakawa machache kidogo, lakini mazito, mashavu yamewiva, punje nyekundu.

Mize akayaona. Akameza mate. Akanyamaza.

Basi mwaka ule Mwana Esha akaugua. Chakula kikawa hakipiti. Nani alimwosha? Mize. Nani alimgeuza ubavu, akampikia uji, akaufua mkeka wake? Mize. Somoe alikuja alasiri na kikapu, akakaa kidogo, akarudi kwa mumewe na wanawe. Uji mama aliumeza kwa shida; kitu pekee alichokitamani kilikuwa komamanga.

Mize akamkamulia la kwake. Mama akaonja, akageuza uso taratibu, kama mtu asiyetaka kumuudhi mgeni.

"Mwanangu, hili lina ukali," akasema. "Somoe akija, atanipa la kwake."

Mize akasikia. Akameza mate. Akanyamaza.

Mnaujua wivu, nyinyi? Msinijibu. Nimeona mlivyogawana muwa jana. Wivu hauanzi na kisu. Huanza na kuhesabu: mimi nimefanya hiki na hiki, na yule amefanya nini? Mize alihesabu akiosha vyungu, akahesabu akichota maji. Na alasiri, Somoe alipoingia na kikapu chake na mama akainua kichwa kitandani, Mize alisimama mlangoni akahisi kitu kinamkwaruza kifuani, kama ukucha.

Msimu uliofuata, mkomamanga wa Somoe ukaanza kuzaa tena. Machanga mabichi, mawili mawili, matatu matatu, yamebanana kila ncha. Mize akangoja adhuhuri, watu wa Kikomani wamejilaza. Akavuka bonde. Akiyachuma yote ataulizwa. Kwa hiyo kila palipo na matatu akaacha moja, kila palipo na mawili akaacha moja, ili waseme ni ndege. Akayafukia, akarudi.

"Sasa tuone atamletea mama nini," akajisemea.

Lakini yale yaliyobaki yakanenepa. Chakula cha watatu akila mmoja, si atanenepa? Yakawa kama ngumi, yakapita ngumi. Mize akayaona. Akameza mate. Akanyamaza.

Akavuka tena bonde. Safari hii akaingia chini ya mti, akavunja matawi ya katikati, yale ambayo mtu wa nje hayaoni, ili mti uoze moyoni. Miiba ikamchana mikono hadi viwikoni. Alasiri Somoe alipokuja akamtazama.

"Dada, mikono imefanyaje?"

"Kuni," akasema Mize. "Kuni zina miiba siku hizi."

Somoe akafungua kikapu chake. Na ule mti? Jua likapata njia ya kuingia ndani. Upepo ukapita. Makomamanga yaliyokuwa gizani yakaanza kushika rangi. Mize akayaona. Akameza mate. Usiku huo hakula.

Mara ya tatu akauendea mfereji. Makomamanga yalikuwa yanakaribia kuiva, akasema, sasa ndipo mti unapotaka maji, sasa nitaukausha. Akauziba kwa matope na magogo ya migomba. Nyumbani, wake mwenyewe akaumwagilia mara dufu. Basi msikilizeni mti unavyojibu: wa Mize ukanywa, ukanywa, makomamanga yakafura, yakapasuka mtini, nyuki na sisimizi wakaingia. Wa Somoe ukashika maji kidogo uliyokuwa nayo, na utamu ukabaki ndani, hauna wa kuuzimua.

Siku Somoe alipoleta kikapu cha kwanza, mama alikula komamanga zima, jambo ambalo hakulifanya tangu augue. Akaulamba mkono. Kisha akamgeukia Mize, si Somoe.

"Mungu akuweke, Mize," akasema.

Mize akadhani ni homa imemchanganya. Na kesho yake tena: "Mungu akuweke, Mize." Yeye analetewa sifa kwa makosa, na tunda la mwenzie ndani ya mdomo wa mama. Akaona bora atukanwe. Adhuhuri akachukua shoka, akavuka bonde kwenda kuumaliza ule mti.

Akamkuta Somoe amekaa chini yake.

"Karibu, dada," akasema Somoe. "Nilijua utakuja. Saa zako ni hizi."

Mize akasimama na shoka mkononi. "Nani alikuambia?"

"Mume wangu alikuona siku ile ya machanga. Nilikasirika, nikataka kuja kukuuliza. Yeye akaniambia ngoja kwanza, pengine dada yako anajua tusilolijua sisi. Nikangoja. Yaliyobaki yakanenepa. Ukavunja matawi, jua likaingia. Ukafunga maji, utamu ukazidi. Nikaona haya, dada, kwa nilivyokufikiria." Akauegemea mti. "Nikamwambia mama: mti ni wangu, lakini mkono ni wa Mize. Hutoka kwako amechoka na bado huja kunitunzia mti kwa siri. Mama alilia. Ndiyo maana anakuombea."

Wajukuu zangu, hapo Mize angeweza kunyamaza. Kunyamaza alikuzoea. Angesema ahsante, akakata kijitawi, akarudi nyumbani mtu mwema.

"Somoe," akasema, "sikuja kukutunzia. Machanga niliyachuma ili ukose. Matawi niliyavunja ili mti uoze. Na leo nimekuja kuukata."

Somoe akalitazama shoka.

"Nilidhani ni la kupunguzia tawi," akasema.

Akainuka, akakung'uta nguo, akaingia ndani, akafunga mlango.

Siku zikapita, Somoe haonekani. Kikapu kilikuja na mumewe, akakiweka kizingitini na kuondoka bila kuketi. Mama akawa anauliza: "Somoe ana nini?" Mize akasema hana neno. Mama akauliza tena. Mwishowe Mize, akimfuta mama uso kwa kitambaa, maneno yakamtoka. Akasema yote, tangu kuhesabu kwake jikoni hadi shoka.

Mwana Esha akaushika ule mkono wenye kitambaa.

"Umenilea mwaka mzima," akasema mama, "uji wako nikaunywa bila kusema kitu, nikasubiri komamanga ndipo niseme ahsante. Hilo ni kosa langu, mwanangu. Lako liko ng'ambo ya bonde. Nenda."

Mize akaenda. Akaketi kizingitini kwa mdogo wake, mlango umefungwa, jua linamchoma, watu wanapita wanamsalimu naye anaitikia. Jua lilipoinama, Somoe akatoka na kisu cha kupogolea.

"Sijakusamehe," akasema. "Lakini mti wako nao umetoka kwa mama. Twende."

Wakamwita mtu akaangusha matawi ya mkwaju, jua likafika nyuma ya jiko kwa mara ya kwanza. Wakaukata mti wa Mize matawi ya moyoni, ukabaki wazi kama kikombe. Maji wakayapunguza. Na ulipozaa machanga, Somoe akamwambia, "Haya, chuma. Kama ulivyochuma yangu." Mize akashika la kwanza, mkono ukakataa. La mwenzio unaliangusha bila kuhisi, la kwako hulia mkononi. Akalichuma. Akachuma na jingine. Somoe alikuwa pembeni anachuma naye, hawasemezani sana, lakini wanachuma.

Mwana Esha hakuuona msimu ule ukifika mwisho. Alikufa makomamanga yakiwa bado mabichi, binti zake wote wawili wamemshika.

La kwanza kuiva lilikuwa zito, jekundu. Mize akalipasua jikoni, akageuka kwa mazoea kuelekea kitandani, na kitanda kilikuwa kimekunjwa mkeka. Akasimama pale. Kisha akavuka bonde na nusu mbili mkononi, akampa Somoe moja. Wakaketi kizingitini, wakala punje kwa punje.

"Ni tamu," akasema Somoe.

"Mama angelila," akasema Mize.

"Angelila," akaitikia Somoe, akamsogelea mpaka mabega yakagusana.

Basi, wajukuu zangu, tawi lilikuwa moja na kisu kimoja. Ukiona la mwenzio ni tamu, usiulize nani kapendwa zaidi. Uliza mti wake umesimama wapi, unapata jua gani, umeondolewa nini. Mwenye wivu huukodolea mti wa jirani macho hata akaujua kuliko wake. Laiti angeyarudisha nyumbani macho hayo mapema, kabla mwenye kula hajaondoka.

Kisa changu kimefika, kimevua viatu, kimeketi. Kitamu chake kuleni nyinyi. Kichungu chake niachieni mimi mzee, meno yangu hayakiogopi.