Fimbo ya Ubavu wa Mpungate

Hapo zamani, na wewe unayesinzia huko nyuma amka, maana mwishoni nitakuuliza, palikuwa na mji uitwao Kisimatamu, na katika mji huo aliishi mama mmoja jina lake Bi Mwanaidi. Macho ya Bi Mwanaidi yalikuwa yakiingia ukungu. Kwanza alishindwa kutunga uzi kwenye sindano. Kisha akashindwa kuchambua mchele, na watu wa nyumbani wakatafuna chuya kimya kimya kwa heshima. Siku moja akamsimamisha mbuzi wa jirani, akamjulia hali yeye na watoto wake, akimdhania ni mwenye mbuzi. Alipoambiwa, alikasirika. "Macho yangu mazima," alisema. "Ila wale wawili wanafanana."

Sasa sikilizeni desturi ya mji ule. Mtu akiishiwa macho alipewa fimbo ndefu. Ncha ya nyuma aliishika mwenyewe, ncha ya mbele aliishika mtu wake. Huyo aliitwa mshika fimbo, na kwa mshika fimbo ndiko asiyeona alikokula, alikolala na alikozeekea. Mshika fimbo alikuwa mmoja tu, wala hakubadilishwa.

Wako watu wanaogombana ili kumkwepa mzee. Hawa wetu waligombana ili kumpata.

Wa kwanza alikuwa Kombo, mwanawe mkubwa, mkulima wa mtama, mwenye mabega mapana na maneno machache. Wa pili alikuwa Siwema, mkwewe, mjane wa Faki, mwanawe mdogo aliyekufa. Siwema hakuwa na mtoto wala ndugu pale mjini. Alibaki kwa sababu ya mkwewe tu, na mkwewe akihamia kwingine, kaka zake wangekuja kumrudisha kwao. Wa tatu alikuwa Bi Tausi, mke mwenza. Huyu aligombana na Bi Mwanaidi tangu siku aliyoingia nyumbani: waligombania chumvi, wakagombania mkeka, wakagombania hata kivuli cha ukuta. Mume wao Shaame alipofariki, walibaki wawili katika nyumba kubwa, wakaendelea kugombana kwa kuwa hawakujua namna nyingine ya kukaa pamoja.

"Mimi nilikaa tumboni mwake," alisema Kombo.

"Mimi niliachwa mikononi mwake," alisema Siwema.

"Mimi nimezoea kelele zake," alisema Bi Tausi. "Nyumba ikinyamaza nitaugua."

Bi Mwanaidi aliwasikiliza, akacheka, akasema, "Hamjanizika, mmeanza kunigawana! Haya. Kuna kitu nimekitamani tangu nilipoolewa, nacho ni maua ya mpungate. Atakayenionyesha maua hayo, yeye ndiye mshika fimbo wangu."

Mpungate, kwa asiyeujua, ni ule mmea wa nchi kavu unaovaa miiba badala ya majani. Ile ya nyuani kwetu humfika mtu magotini. Lakini Shaame, aliyekuwa mtu wa misafara ya chumvi, aliwahi kuvuka jangwa lenye mipungate mirefu kuliko nyumba, imesimama imeinua mikono kama watu wanaoomba dua. Mfalme wa huko aliipenda hata akalifanya jangwa zima hifadhi, haukatwi mti wala haurushwi mshale, watu huenda kutazama tu. Kila aliporudi safari, Shaame alimsimulia mkewe. "Nitakupeleka mwakani," alisema. Mwakani ikaja, ikapita. Shaame alipokufa, ahadi ikamwangukia Kombo, naye akasema, "Mwakani, mama, nikishavuna." Na macho ya mama hayakujua kusubiri mavuno.

Basi safari hii Kombo aliona aibu. Mawingu ya mvua za kwanza yalikuwa yamekwisha kutanda, majirani wako mashambani wanapanda. Yeye aliziacha mbegu zake ghalani, akamtandika punda, akampandisha mama yake. Siwema akabeba maji, Bi Tausi akabeba malalamiko, wakaondoka wote wanne.

Walifika kwenye lango la hifadhi alfajiri moja, kabla ya jua. Mlinzi wa lango alikuwa mtu mkavu aitwaye Makame, mwenye kusema kila neno kama analitoa ghalani kwake.

"Mnyama haingii," alisema Makame. "Punda abaki hapa. Mpungate wenye maua umebaki mmoja, ule mkubwa kule mwisho wa njia, unaitwa Jemadari. Maua yake hufunguka usiku, na jua likipanda yanafumba, hayafumbuki tena. Leo ndiyo mwisho mpaka mwaka ujao. Nendeni upesi."

Kombo alichuchumaa, akambeba mama yake mgongoni kama mtoto. Wakaingia.

Bi Mwanaidi aliinua uso. Kulikuwa na mwanga kidogo, na katika mwanga huo aliwaona! Warefu, weusi, wamesimama pande zote mbili za njia, mikono juu. Moyo wake ulijaa furaha, kisha ukashtuka.

"Kombo! Niteremshe!"

"Kuna nini, mama?"

"Wazee wamesimama pale na wewe unanipitisha mbele yao nimebebwa kama gunia! Utanifanya nionekane sikufunzwa. Niteremshe nisalimie."

Kombo alimteremsha. Bi Mwanaidi alitengeneza kanga yake, akainama kidogo, akasema, "Shikamoo baba."

Kimya.

"Shikamoo," alirudia. Kimya. Uso ukamwanguka. "Hawanijibu. Tumewakosea nini?"

Kombo alifungua kinywa amwambie kwamba ile ni mipungate. Lakini Siwema aliwahi kumziba mdomo kwa kiganja. Alijua neno hilo likitoka, mkwewe angejua palepale kwamba macho yamekwisha, tena mbele ya kitu alichokitamani ujana wake wote. Siwema akanyata nyuma ya shina, akatoa sauti nzito kutoka tumboni:

"Marahaba, mwanangu! Karibuni!"

Uso wa Bi Mwanaidi uling'aa. Akasonga kwa wa pili. "Shikamoo baba." "Marahaba!" Akasonga kwa wa tatu. "Shikamoo baba." "Marahaba, hujambo!" Siwema alikimbia kutoka shina hadi shina, miiba ikimng'ata kanga, Bi Tausi akijiziba mdomo kwa upindo wa nguo asicheke.

Wakaendelea hivyo kipande kirefu. Kisha mmoja wa wale wazee akasema, "Marahaba," akakohoa.

Bi Mwanaidi alisimama. Kikohozi kile alikijua. Kilikuwa kikohozi kidogo, kikavu, cha vumbi la kutwanga, alichokisikia kila asubuhi upande wa pili wa ukuta tangu Faki alipomleta bibi arusi wake nyumbani. Akanyoosha mkono polepole mbele yake, akaukuta mwiba.

Hapo alielewa yote. Alielewa kwamba hawa si wazee, na kwamba macho yake hayakuwa na ukungu tena bali giza lenye vivuli. Iliuma, jamani, tusidanganyane. Angeweza kukaa chini palepale akalia. Lakini alimsikia Siwema akihema nyuma ya shina, akihamia kwenye shina lingine tayari kuitikia, na moyo wake ukamjaa huruma na mapenzi. Mtoto huyu anajichoma miiba kwa ajili yangu, alijiambia, nami nimwambie nimemgundua? Akajitengeneza kanga, akasogea mbele.

"Shikamoo baba."

"Marahaba!"

Akawasalimia wote mpaka mwisho wa njia, mmoja mmoja, kwa adabu zote. Na jua, ambalo halingoji salamu za mtu, likapanda.

Walipofika kwa Jemadari walimkuta amesimama juu kuliko wote, mikono yake mingi imeelekea mbinguni, na katika kila ncha ya mkono maua yamejikunja, yamefumba. Kombo alitazama juu, akatazama chini. Siwema alianza kulia bila sauti.

"Tumefika?" aliuliza Bi Mwanaidi. "Mbona mmenyamaza? Yako maua?"

Aliyejibu alikuwa Bi Tausi, mwanamke ambaye tangu aolewe hakuwahi kumpa mwenzake neno tamu.

"Yako, mwenzangu," alisema. "Tulia nikwambie. Yamekaa kwenye ncha za mikono, yamesongamana kama taji. Meupe, meupe ya maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi. Katikati yana unga wa manjano, na nyuki wameingia humo mpaka kiunoni, wamelewa, wanashindwa kutoka. Na yupo ndege mdogo ameingiza kichwa kizima, amekitoa uso wote wa manjano kama mwali aliyepakwa liwa."

Bi Mwanaidi alilia kwa furaha. Aliyaona. Aliyaona waziwazi kuliko alivyoona kitu chochote mwaka ule. Na katikati ya machozi aliyatambua maneno: nyuki waliolewa, ndege mwenye uso wa manjano. Yalikuwa maneno ya Shaame, neno kwa neno, kama alivyomsimulia yeye chumbani kwake. Kumbe mjanja yule alimsimulia na Tausi vilevile! Zamani angekasirika mwezi mzima. Sasa alimtafuta mwenzake kwa mkono, akamshika kidole.

Upepo ukapita. Ua moja likadondoka, likamwangukia begani. Alilipapasa. Lilikuwa limefumba, limelegea, limekwisha. Alilifunga kwenye pindo la kanga, na Kombo akambeba kumrudisha.

Langoni Makame alikuwa anawangoja. Mpungate mkubwa ukifa, nyama yake huoza na kubaki mbavu za mti mwepesi, mgumu, mrefu. Desturi ya hifadhi ilikuwa kumpa mzee wa kila kundi ubavu mmoja. Makame alimpa Bi Mwanaidi ubavu wake, akautazama uso wake, akaelewa kwamba haoni.

"Utakufaa kuwa fimbo," alisema. "Nani atashika mbele?"

Kombo alisogea haraka. "Mimi. Nimeacha shamba langu wakati wa kupanda, nimembeba mgongoni kuingia na kutoka. Bila miguu yangu, mama asingalifika kwenye maua."

Siwema alifungua kinywa, akakifunga. Bi Tausi vivyo hivyo. Wangesema nini? Kila mmoja akidai haki yake, angeivunja zawadi yake mwenyewe.

Bi Mwanaidi aliwasikia wakimeza mate. "Semeni tu," alisema. "Siwema, mwanangu, tangu lini mpungate ukakohoa? Na wewe Tausi, hili hapa ua lako." Akafungua pindo la kanga, akalitoa.

Bi Tausi akaangua kicheko, Siwema akacheka na kulia pamoja, hata Makame akageuka upande asionekane akicheka.

"Basi nami nasema," alisema Siwema, akifuta uso. "Kombo alimfikisha mwili. Moyo wake nani aliufikisha? Ungevunjika palepale mwanzoni mwa njia. Mimi niliuvusha, kwa miiba hii mikononi mwangu."

"Na kwa salamu zako jua likapanda!" alisema Kombo. "Tungewahi maua."

"Wewe ndiwe wa kutaja kuchelewa?" alidakia Bi Tausi. "Mwakani, mwakani, mpaka macho yakaisha! Ungemleta ulipoombwa, angeyaona mwenyewe. Mwenzangu alisema atakayemwonyesha maua. Mmoja kamleta, mmoja kamliwaza. Aliyemwonyesha ni mimi."

"Ulimwonyesha uongo, mama mdogo," alisema Kombo. " Maua yalikuwa yamefumba."

"Nilimwonyesha ya Shaame. Hayafumbi hayo."

Bi Mwanaidi alisimama na fimbo yake ndefu. Alijua alichokiahidi, na mtu mzima haahidi akarudi nyuma. Alijua pia ambalo wao hawakulijua: kwamba baada ya kile kikohozi angeweza kuziacha salamu, wakawahi, na hakuziacha kwa kuwa alimpenda Siwema. Alijua akimpa Kombo, Siwema atarudishwa kwao. Akimpa Siwema, Tausi atabaki na nyumba iliyonyamaza. Akimpa Tausi, Kombo atalima maisha yake yote akikumbuka neno moja, mwakani.

Aliwageukia wale warefu wa jangwani, akainama kidogo, akasema, "Kwaherini, wazee wangu." Hakuna aliyeitikia, maana wote watatu walikuwa wamenyoosha mikono mbele yake, wakingoja.

Akaisogeza ncha ya mbele ya fimbo.

Nami naishia papo hapo, fimbo ikiwa bado hewani, maana mkono iliotua waliujua wao waliokuwapo langoni peke yao. Wewe uliyekuwa unasinzia, na wewe unayejifanya umekwisha kujua, nijibuni. Mmoja alimpa miguu, mmoja akaulinda moyo wake, mmoja akampa maua ambayo hayakuwepo. Je, ni nani aliyemwonyesha Bi Mwanaidi maua ya mpungate? Nani alistahili ncha ya mbele?