Sega la Mihayo

Hapo zamani, si zamani ya mababu, ni hii ya juzijuzi, misitu ilichanua hadi nyuki wakalewa. Mrina asali mmoja aliitwa Mihayo. Kwao sega la kwanza la msimu haligawanywi: hupewa mtu mmoja tu, aliyekutendea jema kuliko wote.

Saratani ikaziba umio wake, ile njia ya chakula. Hata mate hayakupita. Mkewe, Nyamizi, akampeleka hospitali. Akapewa dawa ya usingizi, akazama, akajiona anaelea juu ya maua meupe.

Huku chini, Daktari Mashimba alikata sehemu yenye ugonjwa, akavuta mfuko wa chakula hadi kifuani auunge na umio uliobaki. "Hapa pakivuja, mzee amekwenda," akasema. Akashona. Akashona taratibu, kama anashona shela ya binti yake.

Msaidizi wake, Daktari Kalunde, akainama.

"Daktari, simama kidogo. Ncha ya mfuko imepauka. Damu haifiki."

Mashimba alikasirika, tena sana, lakini akafumua. Wakaikata ncha ile hadi penye wekundu, akashona upya. Kalunde akavuta utando wa mafuta wa tumboni, akaufunika mshono kama anafunika mtoto mchanga.

Mihayo akaamka na kiu. Chakula kilipita kwenye mpira hadi utumboni. Mdomoni, hata tone, hapana.

"Mama Shija, maji," akamwomba mkewe.

"Bado, Baba Shija. Mshono haujashika."

Akilala aliota mito. Akiamka alilia. "Wewe si mke. Unangoja nife!"

Wodi nzima ilisikia. Nyamizi naye akalia, na maji hakumpa.

Mshono ukashika. Mihayo akameza uji, akameza ugali, akarudi msituni. Sega la kwanza likatoka, zito, linang'aa. Madaktari wawili na mkewe, wote watatu wakaja kulidai.

Mashimba akasema, "Nilishona, nikafumua, nikashona tena. Mikono ni yangu."

Kalunde akasema, "Bila jicho langu ungeshona nyama iliyokufa. Na nani aliufunika mshono?"

Nyamizi hakuwatazama. Alimtazama mumewe. "Hawa walikuokoa umelala, ukaamka ukawashukuru. Mimi nilikuokoa uko macho, ukanichukia."

Mihayo amesimama hapo, asali inamchuruzika hadi kiwikoni, na hajui amgeukie nani.

Haya, ninyi mnaomeza mate bila hata kufikiri, msinikodolee macho mimi. Je, sega apewe nani?