Unga wa Kokusima

Unga mbichi hauna mwizi. Mmelisikia neno hilo, wanangu, mkaanza kuulizana: unga gani, na mwizi gani? Sogeeni. Methali hii haikuzaliwa jikoni. Ilianzia maabara, na ilianza hivi.

Likizo ndefu moja, wanafunzi wachache wa kemia walibaki chuoni kujifunza utafiti. Mmoja wao alikuwa Kokusima, binti wa Bukoba, hodari wa kazi lakini mwenye jicho la kushuku. Alikuwa akihesabu vipande vya nyama bakulini kabla hajaonja mchuzi. Kazi yao ilikuwa kutoa dawa kwenye magome ya mti: kuyaloweka kwa spiriti, kuchuja, kisha kubaki na unga mweupe. Siku ya kwanza mwalimu wao, Dakta Lyatuu, aliwaonya: "Atakayegusa kazi ya mwenziwe, atafungasha virago siku hiyohiyo."

Mwenziwe Kokusima mezani alikuwa Salha, msichana wa Tanga, mwepesi wa kucheka.

Kokusima alipoupata unga wake, ulimeremeta, mkavu machoni kama chumvi. Akaupima kwenye kisahani, akaufunika kwa karatasi ya kuchujia, akaenda zake. Asubuhi akaupima tena. Umepungua.

Alimtazama Salha tu. Mbona leo amewahi kufika? Mbona ananawa mikono mara mbili? Na huo wimbo wa puani, anamwimbia nani? Jioni akapima upya, akaizungushia karatasi uzi mwekundu, akaukaza kwa fundo analolijua mwenyewe. Kulipokucha, fundo lilikuwa palepale. Unga umepungua tena.

Mwingine angetulia. Yeye alizidi kuchemka. Kumbe si mwizi tu, aliwaza, ni fundi wa wizi! Salha alipotoka kidogo, Kokusima akakinyakua kisahani cha mwenziwe na kukiweka kwenye mizani. Uzito ulikuwa uleule ulioandikwa ubavuni mwake, haukupungua hata chembe. Kwake, kesi ikawa imekwisha.

Akaenda moja kwa moja kwa Dakta, akamleta hadi mezani pao, na Salha akaitwa, wenzao wakitazama.

"Unaniibia unga!" Kokusima alifoka. "Wangu kila siku unapungua, wako uko vilevile!"

Salha akauliza taratibu, "Umejuaje kuwa wangu uko vilevile?"

Kokusima alitupa jicho kwenye mizani.

"Umeupima," Salha alisema. "Umegusa kazi yangu, dada."

Dakta alikichukua kisahani cha Kokusima, akakitia kwenye tanuri la kukaushia, akawaambia wakae mbele yake. Baada ya muda akakitoa, akaacha kipoe, akapima. Umepungua. Akakirudisha, akakitoa, akapima. Umepungua tena, mchana kweupe, macho yote yakiona.

"Haya, Kokusima," alisema. "Mkamate mwizi wako."

"Spiriti," Kokusima alinong'ona. "Ilikuwa ikitoka kwa mvuke. Unga ulikuwa bado mbichi, haukukauka."

"Mie wangu niliukausha kwanza," Salha alisema, "mpaka mizani ikachoka kubadilika."

Dakta akamgeukia Salha. "Sheria unaijua. Aliyegusa ni yeye. Nimfungashe?"

Kokusima aliinamisha kichwa. Nyumbani angesema nini? Kwamba alifukuzwa kwa kumsingizia mtu wizi wa mvuke?



"Akienda, chupa zote za maabara nitaziosha peke yangu?" Salha alisema. "Abaki, Dakta. Lakini chupa zangu ataosha yeye mpaka likizo iishe."

"Nitaosha," Kokusima akajibu upesi. "Nisamehe, Salha."

"Osha kwanza, msamaha utakukuta hukohuko. Na siku nyingine, mwenzangu, kabla hujamshika mtu shati, kumbuka: unga mbichi hauna mwizi."

Wenzao walicheka, wakalibeba neno hilo hadi bwenini, na kutoka bwenini likaenda lilikokwenda, mpaka likawafikia ninyi. Kwa hiyo ukiona chako kinapungua na roho inakuonyesha jirani, kausha kwanza, upime, ndipo useme. Unga mbichi hauna mwizi.