Msiba Chini ya Mkuyu

Hapo zamani za kale, bibi zenu wakiwa bado hawajaposwa, wanyama waliishi vijijini kama sisi. Walipika, walioana, walizikana. Katika kijiji cha Kidangwa aliishi Nyati, mchoma mkaa, mwenye nguvu za kuangusha mti kabla uji haujapoa.

Basi wanangu, huyo Nyati alikuwa hamwamini mtu. Akipewa uji, anaunusa kwanza. Akiulizwa habari za asubuhi, anajiuliza huyu anataka nini. Shoka lake alilificha uvunguni, na akitembea, kila hatua kumi lazima ageuke nyuma mara mbili.

Aliyemshuku kuliko wote ni Pimbi. Pimbi alikuwa mdogo, unaweza kumfunika kwa ungo, lakini ndiye aliyekuwa fundi wa kijiji wa kuchora, kuimba na kupiga ngoma. Halafu ukoo wa Nyati na ukoo wa Pimbi walikuwa watani. Na mtani akikucheka, hata mbele ya jeneza la baba yako, huna ruhusa ya kukasirika.

Mwaka huo Nyati alikuwa ameshaimaliza miti yote ya mlimani, imeingia kwenye tanuri lake la mkaa. Chemchemi iliyonywesha kijiji kizima ikawa inadondoka tu, to, to, to. Hata ndama wa Nyati mwenyewe alikuwa na midomo iliyopasuka kwa kiu. Mti uliobaki ni mmoja, mkuyu mkubwa uliosimama juu ya chemchemi.

Pimbi alikwenda kumwomba mara tatu.

"Mtani wangu, mkuyu ukianguka, maji nayo yatakwenda."

"Ahaa," akajibu Nyati. "Unataka niuache ili uukate wewe."

"Mimi? Kwa shoka gani?"

"Hilo ndilo ninalolichunguza."

Asubuhi moja Nyati akatoa shoka uvunguni, akashika njia ya chemchemi. Hajafika, akasikia kilio. Uwiii! Uwiii! Akasimama. Akageuka nyuma mara mbili, kisha akasogea taratibu.

Chini ya mkuyu palikuwa na msiba. Pimbi amejipaka majivu, mkewe kajifunga kaniki, watoto wao wamekaa mkekani. Katikati kimelala kitu, kimefunikwa sanda nyeupe.

"Nani kafa?" Nyati akauliza.

"Laza shoka kwanza," akasema Pimbi. "Tangu lini shoka likasimama penye maiti?"

Kweli, hiyo ndiyo ilikuwa mila ya Kidangwa. Pakiwa na msiba, mti haukatwi mpaka tanga la maombolezo liondolewe, na wa kuliondoa ni mtani peke yake. Nyati akalaza shoka, lakini moyoni akasema: hapa kuna jambo.

Akawahesabu watoto wa Pimbi. Sita, wote wazima, mmoja anakula karanga. Mkewe huyo hapo. Akanusa sanda. Haikunuka maiti, ilinuka udongo.

Mara akafika Tembo, rafiki yake wa kusukumia magogo. Alipoona sanda tu, akakaa chini, puu! Akaanza kulia hadi mkonga ukatetemeka.

"Unamlilia nani?" Nyati akamnong'oneza.

"Sijui."

"Sasa machozi ya nini?"

"Msiba ni msiba, ndugu yangu. Nitauliza nikimaliza."

Kijiji kizima kikaja. Mke wa Nyati naye akaja na ndama wao, akaketi upande wa wanawake bila kumtazama mumewe. Ndipo Pimbi akainuka kumwigiza marehemu, maana hiyo pia ni kazi ya mtani msibani.

Alijifunga khanga mbili, akajaza mto tumboni, kichwani akavaa kilemba cha majani mabichi. Akawa mama mnene, mcheshi, anayetembea akiyumba. Ngoma ikalia, ti-ti-gu, ti-ti-gu. Akaimba:

*Njooni mchote, njooni mnywe,*
*Mama hachoki, mama hanuni.*

Akawa anajifanya anamwogesha huyu, anamnywesha yule, anamrushia maji Tembo usoni. Watu wakacheka, hata waliokuja na vilio vyao tayari.

Kisha akaingia mke wa Pimbi. Amejitengenezea pembe za maganda ya ndizi, begani ana gunzi la muhindi kama shoka. Akapiga hatua, akageuka nyuma mara mbili. Akapiga nyingine, akageuka mara mbili.

Kicheko kilichozuka hapo! Nyati akahisi masikio yanawaka moto. Angeweza kuwakanyaga wote wawili, lakini ni watani, angefanyaje? Alimeza hasira yake kama mtu anayemeza dawa.

Mwenye pembe za ndizi akamwendea mama mnene. Ko! Jani moja likaanguka kutoka kilembani. Sauti ya mama ikapungua. Ko! Jani la pili. Ko! Ko! Kila jani likianguka, wimbo unafifia na ngoma inanyong'onyea, mpaka Pimbi akawa ameketi, kipara, midomo inacheza bila sauti. Hakuna aliyecheka tena. Ndama wa Nyati akauliza kwa sauti, "Mama, atatunywesha nani sasa?"

Nyati akaona maji yamemfika shingoni. "Huu ni ulaghai!" akanguruma. "Hapa hakuna maiti. Funueni sanda!"

"Taratibu, mtani," akasema Pimbi kwa upole. "Unajua mila. Anayeifunua sanda ndiye mwenye msiba."

Nyati akawaza. Kama ananizuia, basi anaficha kitu. Akaishika sanda kwa meno, akaivuta. Fyaa!

Kwenye mkeka ulilala mtungi, mkavu kabisa. Kwenye tumbo la mtungi, Pimbi alikuwa amechora uso kwa chokaa na udongo mwekundu. Macho yale Nyati aliyajua, ni ya mama yake mzazi. Na kwenye mdomo wa mtungi palikuwa na alama ya kidole gumba, alama ambayo mama yake aliiweka kwenye kila mtungi alioufinyanga. Huo ndio aliobebea maji kila asubuhi ya utoto wake.

"Nani kauiba nyumbani kwangu?" akauliza Nyati.

"Hakuna mwizi," akasema mkewe. "Niliutoa mimi. Umekaa mtupu tangu kiangazi kilichopita. Kitu kisicho na kazi yake si kimekufa?"

Nyati alikuwa ameshuku kijiji kizima, hata Tembo, hata kivuli chake. Lakini mkewe, hata siku moja hakuwa amemshuku. Akakaa chini kando ya Tembo, akalia, na safari hii alijua analia nini.

Pimbi akausimamisha mtungi kati ya mizizi ya mkuyu. "Tanga nitaliondoa siku mtungi huu utakapolala umejaa na kuamka umejaa. Kila apitaye amimine kata moja. Mwenye msiba amimine kila siku. Na wafiwa wasikae bure, wapande miti mlimani."

Nyati akamimina asubuhi ya kwanza, na ya pili, na ya mia. Alikuta mtungi mtupu kila alipoamka. Mvua zikaja, zikaenda, zikaja tena. Miche ikawa vijiti, vijiti vikawa kivuli. Chemchemi ikaacha kudondoka, ikaanza kububujika, lakini mtungi haukujaa. Shaka lake la zamani likarudi.

Asubuhi moja akauinua mtungi, akaupindua. Chini kabisa palikuwa na tundu, dogo kama punje ya mtama, na kando yake alama mbili za meno ya Pimbi. Maji yote yale yalikuwa yanakwenda kwenye mizizi ya mkuyu.

Nyati alisimama na mtungi mikononi. Shoka lake lilikuwa uvunguni, lina kutu. Chini kwenye chemchemi alimsikia ndama wake anaoga, chubwi! chubwi! na kuimba wimbo wa mama mnene.

Akageuka nyuma mara mbili, ahakikishe hakuna aliyemwona. Kisha akaurudisha mtungi kati ya mizizi, akaukandamiza vizuri matopeni, akachota kata moja, akamimina.

Wanangu, asiyesikia la kuambiwa huweza kusikia la kuimbiwa.