Mchoraji wa Masika

Mjane Kokushubila alikuwa na kibanda cha mawe ukingoni mwa ziwa, chini ya kilima ambako tajiri Rwezaura alikuwa na kiwanja. Siku moja tajiri akamjia na ramani mkononi.

"Bibi, nyumba yangu inataka kutazama maji. Tubadilishane viwanja. Ukikataa, nitakuhamisha kwa nguvu."

"Nani amekataa, mwanangu? Nijengee chumba na jiko huko juu, tuandikishane kwa mwenyekiti wa mtaa."

Wakaandikishana. Siku ya kukabidhiana, Rwezaura akaona mstari wa kahawia umezunguka kuta zote za kibanda, usawa wa magoti, umenyooka kama uliopimwa na fundi.

"Urembo huu nimeupenda. Nani alikuchorea?"

"Huyo haitwi. Hupita masika yakikolea, na mkono wake haupindi."

"Na kwangu apite!"

"Atapita tu."

Nyumba ikakamilika, madirisha yote ziwani. Masika yakakolea, ziwa likafurika, viatu vya tajiri vikaelea sebuleni. Akatoka mbio, suruali ameikunja, akimwita bibi.

Kokushubila akachungulia kutoka kilimani, kikombe cha chai mkononi.

"Vumilia, mwanangu! Mchoraji akiondoka, utauona mstari wako."